Kutunza repo ya pamoja tukiwa mbalimbali Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Repo hii, yaani ghala la mafaili pamoja na historia ya mabadiliko yake, imebeba programu ya kuandikia dagaa mwaloni: nani kaleta, kilo ngapi, kwa bei gani, kalipwa au bado anadai. Tunaoiandika tuko tisa. Wanne tuko Kigoma mjini, wawili Kasulu, mmoja Kibondo, mmoja Mwamgongo upande wa kaskazini wa ziwa, na mmoja yuko masomoni Dodoma. Ofisi hatuna. Tunakutana kwenye repo.

Maswali yaliyo hapa yameulizwa kwenye kundi letu la WhatsApp, mengine zaidi ya mara kumi. Jibu zuri lililoandikwa kundini saa tano usiku linazama chini ya salamu na pole za watu, na anayelihitaji wiki ijayo hana pa kulipata. Ndiyo maana nimeyakusanya. Mimi ndiye ninayetunza seva, kwa hiyo majibu yana msimamo wangu ndani yake, na msimamo wenyewe ni huu: ukubwa wa repo na namna ya kuitumia vipimwe kwa mwenzetu mwenye mtandao dhaifu kuliko wote. Kikipita kwake, kimepita kwa kila mtu.

Repo yenyewe iko wapi hasa?

Iko kwa kila mmoja wetu. Hapa ndipo wanapochanganyikiwa waliozoea kufungua faili moja lililoko mtandaoni na kuliandika papo hapo. Git, programu inayotunza repo yetu, ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, kwa ajili ya watengenezaji wa Linux waliotawanyika nchi nyingi, na tangu siku ya kwanza ilikusudiwa kila mtu awe na nakala kamili: mafaili, matawi (njia za kazi zinazokwenda sambamba), na historia yote hadi komiti ya kwanza, komiti ikiwa ni badiliko lililohifadhiwa pamoja na maelezo yake. Seva ni kama soko la Mwanga. Watu wanakutana pale kupeana mali, lakini shamba liko kwako.

Maana yake kwa kazi ya kila siku ni kubwa. Unaweza kufanya komiti, kufungua tawi, kulinganisha matoleo na kusoma historia ukiwa huna hata kijiti kimoja cha mtandao. Mtandao unauhitaji unapochota kazi za wenzako kutoka kwenye seva na unaposukuma za kwako kwenda huko, basi. Mtandao ukipotea Jumatatu hadi Alhamisi, fanya komiti zako siku zote nne kama kawaida. Alhamisi jioni utazisukuma kwa pamoja, na kila moja itakuwa na tarehe na saa uliyoifanya kweli.

Nimekloni (kushusha nakala nzima ya repo) mara nne, inafika katikati inakata. Itaendelea ilipoishia au inaanza upya?

Inaanza upya, na pole sana. Git haiwezi kuendeleza kloni iliyokatika. Vitu vyote vinasafiri ndani ya pakiti moja kubwa, na pakiti isiyofika mwisho inatupwa.

Dada yetu wa Kibondo aliweka simu dirishani, hotspoti imewashwa, akakaa anaangalia asilimia zinapanda: 40, 61, 87. Kwenye 87 mtandao ukashuka kutoka 4G hadi ile herufi E, na kwenye skrini ukatokea mstari `fatal: early EOF`. Akarudia. Mara tatu usiku mmoja. Bando likaisha na kwenye diski hakukubaki hata faili moja. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu tuliomtumia anwani bila maelezo, na tangu siku hiyo hakuna mgeni anayepewa anwani peke yake.

Usibebe mzigo wote kwa mkupuo. Anza na kipande:

`git clone --depth 1 ANWANI`

Hapo unapata mafaili yalivyo leo, bila historia. Kwa repo yetu hiyo ni sehemu ndogo sana ya mzigo mzima, na unaweza kuanza kazi mara moja. Kisha, mtandao ukitulia, ongeza historia kidogo kidogo:

`git fetch --deepen=50`

Rudia unavyoweza. Kila hatua iliyokamilika imekamilika. Ikikatika, unapoteza hatua hiyo tu, zilizotangulia ziko salama. Siku ukiwa mjini kwenye mtandao wa uhakika, malizia kwa `git fetch --unshallow`.

Kuna jambo moja la kujua: kloni ya kina kifupi, yaani hii ya `--depth`, inashusha tawi moja tu. Ukihitaji tawi lingine, liongeze kwa jina, `git remote set-branches --add origin jina-la-tawi` (`origin` ni jina ambalo Git inaipa seva), halafu `git fetch`. Watu wawili waliwahi kuniandikia kwa hofu kwamba tawi lao limefutwa. Halikufutwa, halikuwa limeshushwa.

Ipo pia njia ya `--filter=blob:none`, inayoshusha historia ya komiti zote lakini ikaacha yaliyomo kwenye mafaili ya zamani hadi utakapoyaomba. Mafundi wengi wanaisifu, na kwa mtu mwenye mtandao wa muda wote ni nzuri kweli. Sisi siipendekezi. Ukiwa Mwamgongo jioni, ukataka kuona faili lilikuwaje mwezi uliopita, Git itajaribu kwenda kwenye seva kulichukua, na hapo utakwama. Kina kifupi kinakunyima historia ya mbali, lakini ulichonacho ni chako hata mtandao ukizimika.

Mnaposema "furushi kwenye flashi" mna maana gani?

Git inaweza kufunga repo nzima ndani ya faili moja kwa amri ya `git bundle`. Tunaliita furushi, maana tukisema kifurushi kila mtu anafikiria bando la simu. Faili hilo linabebeka kwenye flashi, linatumika kama seva ndogo, na linapakuliwa mtandaoni kama faili lolote. Hilo la mwisho ni muhimu: upakuaji wa faili la kawaida ukikatika unaendelezwa, kwa mfano kwa `wget -c`. Kwa hiyo ugonjwa wa asilimia 87 una tiba mbili, na furushi ndilo lisiloshindwa kirahisi.

Kwenye seva nafunga hivi:

`git bundle create dagaa.bundle --all`

Anayepokea anaanza hivi:

`git bundle verify dagaa.bundle` (amri hii inafanyika ndani ya repo yoyote ya Git, hata tupu)

`git clone dagaa.bundle dagaa`

`cd dagaa`

`git remote set-url origin ANWANI`

Mstari wa mwisho usisahaulike. Bila huo, repo yako itaendelea kuamini kwamba seva yake ni lile faili kwenye flashi, na siku utakapochomoa flashi na kusukuma kazi utapata kosa lisiloeleweka.

Sasa mwenzetu wa Mwamgongo. Kijiji kiko ufukweni, kupita hifadhi ya Gombe, na njia ya kawaida ya kufika ni boti kutoka Kibirizi. Mtandao unakuja na kuondoka. Kila Jumamosi flashi inakwenda na kurudi na boti, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo la kahawa, kwa sababu flashi ya kwanza ililowa. Hatumpelekei repo nzima kila wiki. Tunampelekea nyongeza tu. Kila nikimaliza kufunga furushi naweka alama, `git tag -f furushi-la-mwisho main` (`main` ni tawi letu kuu), na Jumamosi inayofuata nafunga kuanzia pale:

`git bundle create mpya.bundle furushi-la-mwisho..main`

Faili linakuwa dogo mno, mara nyingi dogo kuliko picha moja ya simu. Yeye anaandika `git pull mpya.bundle main`, na kazi yake anairudisha vilevile:

`git bundle create kutoka-mwamgongo.bundle origin/main..kazi-yangu`

Tahadhari moja. Furushi la nyongeza linakubalika tu kwa mtu ambaye tayari ana komiti linakoanzia. Akiruka wiki moja, la wiki inayofuata litakataa, na `git bundle verify` itamtajia komiti zinazokosekana. Ndiyo maana mafurushi ya majuma manne ya mwisho yanabaki kwenye flashi, hayafutwi.

Nikiwa na kloni ya kina kifupi, naweza kusukuma kazi?

Ndiyo. Zamani haikuwezekana, lakini tangu toleo la 1.9 la mwaka 2014 Git inaruhusu. Angalia toleo lako kwa `git --version`. Ukiwa na kompyuta ya miaka ya karibuni huna wasiwasi.

Kwa nini mmekataza picha na mafaili ya Excel kwenye repo?

Hili ndilo swali linaloleta manung'uniko, kwa hiyo nitalieleza hadi mwisho.

Git inahifadhi maandishi kwa ustadi mkubwa. Faili la msimbo, yaani maandishi ya programu, likibadilika mistari mitatu, wakati wa kufunga pakiti Git inaweza kuhifadhi tofauti tu na kuubana mzigo wote. Ndiyo sababu miaka mingi ya msimbo inaenea kwenye MB chache. Picha ya JPEG haiko hivyo. Tayari imebanwa, na ukiikata pembeni kidogo au kuongeza mwanga, karibu kila baiti yake inabadilika. Git haioni tofauti ndogo. Inaona picha mpya nzima. Ukiihifadhi mara tano, repo imebeba picha tano. Mafaili ya Excel yana tabia ileile, kwa kuwa kila moja ni kifurushi kilichobanwa ndani kwa ndani.

Halafu kuna hili: kufuta hakupunguzi. Ukifuta picha na kufanya komiti, picha inaondoka kwenye folda lakini inabaki kwenye historia, na kila anayekloni historia nzima ataishusha. Hiyo ndiyo kazi ya historia, kukumbuka.

Yaliyotupata: mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alipiga picha chanja za kuanikia dagaa ili ziwe mandhari ya skrini ya kwanza. Picha 38, kila moja kama ilivyotoka kwenye simu. Akazisukuma akiwa mjini, kwenye Wi-Fi, na hakuona tofauti yoyote. Asubuhi yake watu wa Kasulu walipoamka na kuchota, bando zao zilikwenda zote. Baadaye tulichagua picha mbili, tukazipunguza hadi kilobaiti 60 kila moja, zikatosha. Zile 36 tulizifuta, na repo ikabaki nzito vilevile.

Kuzing'oa kwenye historia kunawezekana kwa chombo kiitwacho `git filter-repo`, na tulikitumia: `git filter-repo --path picha/ --invert-paths`. Lakini elewa gharama yake. Kila komiti inatambulishwa kwa namba inayotokana na yaliyomo pamoja na komiti iliyoitangulia. Ukigusa moja ya zamani, zote zilizofuata zinapata namba mpya. Kwa hiyo watu wote tisa walilazimika kutupa nakala zao na kushusha upya, na mmoja akisahau akasukuma kutoka kwenye nakala ya zamani, uchafu wote unarudi. Tulitumia siku sita kwa kazi ya dakika kumi, kwa sababu ya kusubiri kila mtu athibitishe. Sitaki kuirudia.

Picha sasa zinakaa kwenye folda ya kawaida ya seva, nje ya Git, na programu inazisoma kwa anwani. Wengine wanatumia Git LFS, ambayo inaacha kwenye repo kijikaratasi kidogo tu na kuweka faili lenyewe pembeni. Ni njia halali. Kwetu ingeongeza chombo kimoja zaidi cha kufundisha na seva moja zaidi ya kutunza, kwa ajili ya picha mbili. Na kama unadhani huu ni ukali wa Kigoma peke yake, GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi repo, nayo inakataa faili linalozidi MiB 100 na inaonya kuanzia MiB 50. Sisi mpaka wetu ni MB 1, na seva inakataa yenyewe.

Ukitaka kujua repo yako ina uzito gani, andika `git count-objects -vH` na usome mstari wa `size-pack`.

Kuna folda zinazotokea zenyewe nikiendesha programu. Nazo niziweke?

Hapana. Chochote kompyuta inachoweza kukitengeneza upya hakiingii: `node_modules`, folda ya `build`, mafaili ya logi. Vimeorodheshwa kwenye `.gitignore`. Ukiona kipya, kiongeze pale na utuambie.

Nichote mara ngapi kwa siku?

Mara moja asubuhi kabla ya kuanza, na mara moja kabla ya kusukuma. Git inatuma vile tu usivyonavyo, kwa hiyo anayechota kila siku anatumia data kidogo kila siku. Anayekaa mwezi mzima anajikuta na mzigo mkubwa, halafu mzigo mkubwa ndio unaokatika njiani.

Jizoeshe kutenganisha kuchota na kuvuta. `git fetch` inaleta kazi za wenzako na kuziweka pembeni bila kugusa mafaili yako. `git pull` inaleta na kuunganisha papo hapo. Mimi huchota alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, kisha nasoma `git log main..origin/main` nikinywa chai, bila mtandao, nione nani kafanya nini. Nikiridhika ndipo naunganisha. Tumekubaliana pia kila mtu aweke `git config --global pull.rebase true`, ili historia isijae komiti za "Merge branch" zisizosema lolote.

Ujumbe wa komiti una umuhimu gani? Nimeandika "marekebisho" na programu inafanya kazi.

Programu inafanya kazi, lakini mwenzako aliyeko kwenye boti hawezi kukupigia simu kuuliza ulirekebisha nini. Historia ndiyo inayozungumza kwa niaba yako ukiwa hupatikani. "Marekebisho" haimsaidii. "Kilo zenye nusu zilikuwa zinakatwa kuwa kamili, sasa zinahifadhiwa kwa desimali moja" inamsaidia, na inakusaidia wewe mwenyewe miezi mitatu ijayo. Andika kwa Kiswahili. Tulipojaribu Kiingereza watu waliandika maneno mawili na kuacha. Kwa Kiswahili wanaeleza sababu, na sababu ndiyo tunayoitafuta.

Kila wiki tunagongana kwenye faili lile lile. Tufanyeje?

Kugongana kunatokea watu wawili wanapobadilisha mistari ileile, au iliyopakana. Nilipofuatilia migongano yetu, karibu yote ilikuwa kwenye faili moja: `maneno.json`, lenye maneno yote yanayoonekana kwenye skrini. Sababu ilikuwa ya kijinga kidogo, ila ilitutesa. Kila mtu alikuwa anaongeza neno lake mwishoni mwa faili. Watu watatu, mstari wa mwisho ni ule ule, na ule wa juu yake kila mmoja anauongezea koma inayodaiwa na muundo wa JSON. Lazima wagongane.

Tukapanga faili kwa alfabeti. Anayeongeza "chanja" anaandika kwenye C, anayeongeza "mizani" anaandika kwenye M, hawakutani. Migongano kwenye faili hilo karibu imekwisha. Kabla ya kutafuta amri ngumu za Git, tazama kwanza namna mafaili yenyewe yalivyopangwa.

Yaliyobaki ni mazoea. Komiti iwe ndogo na ya jambo moja. Tawi lisiishi zaidi ya wiki. Tawi la mwezi mzima linarudi nyumbani likiwa geni. Ukitaka kupanga upya faili zima, kuhamisha mistari, kubadili nafasi za mwanzo wa mstari, sema kwanza kundini ili wengine wasukume ya kwao. Na kwa wanaotumia Windows: repo ina faili la `.gitattributes` lenye mstari `* text=auto`. Msiufute. Bila huo, Windows na Linux wanamaliza mistari kwa herufi tofauti, na Git inaona faili zima limebadilika wakati hakuna neno lililoguswa.

Seva imenikatalia kusukuma: "non-fast-forward". Niongeze `--force`?

Usiongeze, tafadhali. Ujumbe huo unasema kuna mwenzako aliyesukuma kabla yako na kazi yake haimo kwenye tawi lako. Chota, unganisha, kisha sukuma tena. `--force` inaiambia seva isahau ya mwenzako na ichukue yako. Kwa watu wanaoonana kila siku ofisini kosa hilo linagunduliwa ndani ya saa moja. Kwetu sisi, mwenye kazi anaweza kuwa hana mtandao hadi Jumamosi.

Kwenye seva nimeweka `receive.denyNonFastForwards true` na `receive.denyDeletes true`, kwa hiyo hata ukijaribu itakataa. Repo nyingine unazofanyia kazi zinaweza kukosa kinga hiyo. Huko, kwenye tawi lako binafsi, ukilazimika, tumia `--force-with-lease`, ambayo inakataa kama kuna mtu amegusa tawi hilo tangu ulipochota mara ya mwisho.

Na kama umeshaharibu kwenye kompyuta yako, usifute folda. Andika `git reflog`. Git inakumbuka kila mahali tawi lako lilipopita, kwa kawaida siku 90, na kwa komiti ambazo hazimo tena kwenye tawi lolote siku 30. Kazi inayodhaniwa imepotea mara nyingi iko pale, inasubiri `git branch uokoaji` na namba yake.

Nikisukuma kwa SSH (njia salama ya kuunganishwa na seva) inakaa kimya halafu inakufa.

Mitandao ya simu huua muunganisho usiosema kitu kwa muda. Kwenye faili la `~/.ssh/config` ongeza `ServerAliveInterval 30` ili kompyuta yako igonge mlango kila sekunde 30. Kama mtandao uliopo umefunga mlango namba 22, ambao SSH huutumia, kama ulivyo kwenye baadhi ya maeneo ya umma, seva yetu inasikiliza pia kwenye 443. GitHub nayo ina njia hiyo, kupitia `ssh.github.com`.

Umeme umekatika nikiwa katikati ya komiti, sasa Git inasema "object file is empty".

Wakazi wa Kigoma wanaijua vizuri habari ya umeme. Tumeishi miaka mingi na majenereta ya dizeli. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ikizimika ghafla, faili lililokuwa linaandikwa linaweza kubaki na jina lakini tupu.

Usiogope, na usikimbilie kufuta. Kwanza nakili folda nzima mahali pengine. Kisha endesha `git fsck --full` uone yaliyoharibika. Mafaili matupu ndani ya `.git/objects` yanaonekana kwa `find .git/objects -type f -empty`. Yahamishe nje, kisha `git fetch`. Mara nyingi kilichokosekana kiko kwenye seva au kwa mwenzako, na nakala yake ni sawasawa na yako, herufi kwa herufi, kwa sababu kila kitu kinatajwa kwa namba ya yaliyomo. Kilichokuwa kwako peke yako, hakijasukumwa, ndicho kinachoweza kupotea. Kwa hiyo mtandao ukija hata dakika mbili, sukuma tawi lako, hata kazi ikiwa haijakamilika. Matawi ya watu binafsi ni ya hilo hasa.

Wenye kompyuta za mezani waweke pia `git config --global core.fsync all`. Git itahakikisha imeandika diskini kabla ya kuendelea. Ni polepole kidogo, hutaona.

Naweza kufanya kazi kwa simu?

Unaweza, kwa Android. Weka Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, kisha `pkg install git`. Kusoma historia, kurekebisha neno moja, kusukuma: inatosha. Kuunganisha matawi yaliyogongana kwenye skrini ya simu sikushauri.

Nimeweka nywila ya hifadhidata kwenye komiti kwa bahati mbaya.

Badilisha nywila yenyewe sasa hivi, ndipo unipigie. Kuifuta kwenye repo kunakuja baadaye na wala si kinga, kwa sababu nakala zinaweza kuwa zimeshafika kwenye laptopu nane. Hutagombezwa. Anayeficha ndiye anayetuweka hatarini.

Seva yenyewe inatunzwaje?

Ni repo tupu, isiyo na mafaili ya kufanyia kazi, iliyoanzishwa kwa `git init --bare --shared=group` ili wote tulio kwenye kundi moja la seva tuweze kuandika bila kuzuiliana. Kila Jumapili usiku inajipanga upya kwa `git gc`, vitu vilivyotawanyika vinafungwa kwenye pakiti na uchotaji unakuwa mwepesi. Nyumbani kwangu nina nakala iliyotengenezwa kwa `git clone --mirror`, nayo inahuishwa kila usiku kwa `git remote update`. Mara moja kwa mwezi nafunga furushi la `--all` na kulipeleka kwa mwenzetu wa Kasulu, nyumba nyingine, mji mwingine. Na ninalijaribu: nalikloni, naendesha programu, naangalia kama inawaka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu.

Nimepata kazi mahali pengine. Nifute nakala yangu?

Kabla ya yote sukuma matawi yako yote, hata yale ya majaribio: `git push origin --all`. Kisha nitumie ujumbe, nami nitaondoa ufunguo wako wa SSH kwenye seva siku hiyo hiyo.

Nakala usiifute. Mwaka jana, kabla sijaanza utaratibu wa Kasulu, diski ya seva ilikufa, na ya kwangu ilikuwa na upungufu wa wiki mbili. Nakala iliyokuwa kamili kuliko zote tuliikuta kwa kijana aliyekuwa ameshatuacha siku chache nyuma, akaifunga furushi akiwa stendi akisubiri basi, na saa nne usiku tulikuwa tumerudi kazini.